Waya wa Dhahabu, Pesa za Maziwa

Haya wasomaji wangu, najua niliahidi kwamba leo tungeendelea na hifadhidata, na kwamba ningeeleza kwa nini jedwali moja kubwa si kosa kila mara. Samahani. Hifadhidata itangoja. Leo nina hasira, na hasira yenyewe ina urefu wa mita moja na nusu, imevikwa plastiki nyeusi, ina vichwa vinavyong'aa kama meno ya bwana harusi, na iliuzwa kwa shilingi 3,500.

Nazungumzia waya. Waya wa kuunganisha deki ya DVD na runinga.

Utaniuliza, kwani DVD bado zipo? Zipo, ndugu yangu. Wewe unayetazama filamu kwenye simu ukiwa ndani ya matatu umesahau tu kwamba kuna nyumba ambazo bando ya intaneti ni kitu cha kuhesabiwa kama sukari. Huko deki bado imekaa chini ya runinga, imefunikwa kitambaa cha kufumwa, na pembeni kuna rundo la diski: za kwaya, za filamu zilizotafsiriwa na DJ Afro, na zile ambazo haziuzwi popote, yaani harusi, mazishi na mahafali.

Shangazi yangu anaishi Rongai. Kabla hamjaanza kunitania, si Ongata Rongai ya Kajiado yenye matatu za muziki. Ni Rongai ya Nakuru, ile ya kituo cha reli ya zamani na mashamba ya mkonge, jirani na Salgaa wanakolala madereva wa malori. Mwezi Desemba mwanawe alimletea runinga bapa ya inchi 32. Ile ya zamani yenye mgongo ikahamishiwa chumba cha wageni. Deki ilibaki ileile ya mwaka 2007. Basi shangazi akatazama nyuma ya runinga mpya, akaona matundu asiyoyafahamu, akafanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye busara angefanya: alipanda gari hadi Nakuru mjini kumwuliza mwenye duka.

Duka silitaji. Aliulizwa runinga yake ni ya aina gani, akasema ni mpya, bapa. Akaambiwa, "Mama, hiyo ya kisasa haikubali nyaya za zamani. Inataka hii." Akapewa waya wenye kichwa cha HDMI upande mmoja, na upande wa pili vichwa vitatu vya manjano, nyeupe na nyekundu. Vyote vimepakwa dhahabu. Shilingi 3,500. Alipouliza kama bei haipungui aliambiwa kwamba wa bei rahisi "unaharibu rangi."

Shangazi ana ng'ombe mmoja anayekamwa. Lita 7 kwa siku, shilingi 50 kwa lita akiwauzia majirani. Piga hesabu mwenyewe: ni lita 70, siku kumi za kuamka saa kumi na moja alfajiri kwenye baridi ya Rongai.

Alifika nyumbani, akaunganisha. Hakuna kitu, runinga ikaandika kwamba hakuna mawimbi. Akapiga simu dukani. Akaambiwa, na hapa ndipo damu yangu ilipochemka niliposimuliwa, kwamba kama waya ni mpya na runinga ni mpya, basi deki imekufa. Na kama deki imekufa, pengine na diski zimeharibika. Afadhali anunue deki nyingine, ambayo kwa bahati nzuri wanayo.

Shangazi hakununua. Pesa zilikuwa zimeisha. Alizifunga diski zake kwenye mfuko wa nailoni akaziweka juu ya kabati. Miongoni mwazo kuna moja ya harusi ya binti yake, mwaka 2009, ambamo mjomba, yaani mumewe, anasimama na kutoa nasaha kwa muda wa dakika kama kumi na mbili. Mjomba alifariki mwaka 2017. Hakuna mahali pengine sauti yake ilipohifadhiwa. Kwa miezi minne shangazi aliamini kwamba sauti ile imepotea, na hakumwambia mtu.

Nilienda kumsalimia wakati wa Pasaka. Nilimkuta anaitazama runinga mpya ikiwa imezimwa. Akaniambia, "Wewe mtoto wa tarakilishi, hebu niangalizie, ingawa walisema imekufa."

Sasa nieleze kilichotokea, kwa utaratibu, maana ndani yake ndimo ulimo wizi wote wa biashara ya nyaya.

Tuanze na waya ule wenyewe. Tundu la HDMI lina pini 19. Kinachopita humo ni dijitali: sifuri na moja, kwa kasi kubwa sana, kwenye jozi tatu za nyaya na jozi ya nne ya kupiga mdundo. Tundu la manjano la deki linatoa kitu tofauti kabisa. Linatoa mkondo wa analogi wenye nguvu ya volti 1 hivi, unaopanda na kushuka kama sauti ya mtu anayeimba. Ili kimoja kigeuke kuwa kingine lazima pawe na kifaa katikati, chenye chipu ndani na chenye kutumia umeme. Waya aliouziwa shangazi hauna chipu. Nimeupasua, hamna kitu ndani ila shaba kidogo na plastiki nyingi. Ni kama kumpa Mkalenjin asiyejua ila Kikalenjin simu azungumze na Mgiriama asiyejua ila Kigiriama. Hata simu iwe ya dhahabu tupu, haitatafsiri.

Kwa hiyo waya ule usingefanya kazi kwenye deki ile hata siku moja. Haukuwa hafifu. Haukuwa na hitilafu. Ulikuwa mzima kabisa na hauna kazi. Nyaya za namna hiyo zimejaa madukani na mitandaoni, na zinauzwa kila siku, kwa sababu vichwa vinaingia kwenye matundu, na kwa mtu wa kawaida kichwa kikiingia maana yake kimekubali.

Niliutoa. Nikamwuliza shangazi, "Zile nyaya tatu zilizokuja na deki ziko wapi?" Zilikuwa zimefunga gunia la mahindi stoo. Nikazifungua, nikazifuta vumbi, nikatazama nyuma ya runinga. Kulikuwa na tundu la kijani lenye duara la manjano, la buluu, jekundu, kisha jekundu lingine na jeupe. Nikachomeka manjano kwenye lile la kijani, nyekundu ya sauti na nyeupe mahali pake. Picha ikatokea! Lakini ilikuwa nyeusi na nyeupe, kama runinga za Great Wall tulizokua nazo.

Shangazi akasema, "Unaona? Walisema unaharibu rangi."

Nakiri, kwa sekunde mbili hivi nami niliyumba. Kisha nikachukua rimoti, nikabadilisha chanzo cha picha kutoka "Component" kwenda "AV". Rangi zote zikarudi. Gharama yake: sifuri.

Kwa nini rangi zilikuwa hazipo? Hapa naomba uvumilivu wako, kwa sababu ukilielewa hili hakuna mwenye duka atakayekudanganya tena. Ndani ya diski ya DVD picha haihifadhiwi kama picha moja. Inahifadhiwa kama sehemu tatu: mwangaza, na tofauti mbili za rangi. Mwangaza una vidoti 720 kwa 576 katika mfumo wa PAL tuliokuwa tukiutumia Kenya, au 720 kwa 480 katika mfumo wa NTSC wa Marekani. Rangi zimehifadhiwa kwa robo tu ya wingi huo, kwa kuwa jicho la binadamu ni kali kwa mwangaza na zembe kwa rangi. Waya wa manjano unachukua sehemu zote tatu na kuzikoroga njia moja, rangi ikiwa imepandishwa juu ya wimbi la megahezi 4.43. Runinga inapaswa kuzitenganisha tena, kama mtu anayejaribu kuchagua maziwa kutoka kwenye chai. Haiwezi kikamilifu. Ndiyo maana ukitazama kwa makini kwenye ukingo wa herufi utaona vidoti vinatambaa, na shati la mistari myembamba linatoa rangi za upinde wa mvua ambazo fundi cherehani hakuziweka.

Runinga ya shangazi ilipokuwa imewekwa kwenye komponenti, lile tundu la kijani lilikuwa linangojea mwangaza peke yake. Likaupokea mchanganyiko wote, likaona mwangaza, rangi ikaipuuza. Basi. Hakuna kilichokufa.

Sasa, yapo matundu yanayotuma picha bila kuikoroga hivyo. S-Video, kile kitundu cha duara chenye pini nne, hutenga mwangaza na rangi. Komponenti, yaani kijani, buluu na nyekundu, hutuma sehemu zote tatu kila moja na njia yake. Na hapo, wasomaji wangu, ndipo penye tofauti inayoonekana kwa macho. Kutoka manjano kwenda komponenti, vidoti vinavyotambaa hupotea na ngozi za watu hutulia. Ninaapa kwa hilo. Lakini tazama ni nini kilichobadilika: njia, aina ya muunganisho. Bei ya waya haikuhusika. Waya wa komponenti wa shilingi 300 utaushinda waya wa manjano wa shilingi 30,000, kila siku, hadi mwisho wa dunia.

Tena nikwambie siri ambayo mwenye duka hatakwambia. Zile rangi za vichwa ni rangi tu! Ndani ya manjano, nyekundu na nyeupe mna waya wa namna moja: uzi wa katikati na wavu wa kuuzunguka. Deki ya shangazi ilikuwa na matundu ya komponenti nyuma, na runinga pia. Nilichukua seti mbili za nyaya kuukuu kutoka kwa jirani, nikaunganisha kijani kwa kijani kwa kutumia waya wa manjano, buluu kwa buluu kwa waya mweupe, nyekundu kwa nyekundu, na sauti kwa nyaya zilizosalia. Picha ikawa safi kuliko ilivyowahi kuwa katika nyumba ile. Na ukiwa na spika za sinema zenye tundu la rangi ya chungwa la sauti ya dijitali, waya wa manjano wa picha unafanya kazi hiyo vizuri kabisa.

"Lakini wewe," utasema, "waya wa picha unatakiwa uwe wa omu 75." Kweli. Vitabu vinasema hivyo na vitabu viko sawa. Ila umbali nao una neno lake. Picha ya DVD kwenye waya wa manjano haizidi megahezi 6 hivi. Wimbi la megahezi 6 likisafiri ndani ya waya lina urefu wa zaidi ya mita 30. Waya wako una mita moja na nusu. Wimbi halijaanza hata kunyoosha mguu na tayari limefika. Ukiwa na kanisa au ukumbi wa video ambapo deki iko chumba kimoja na runinga iko mita 20 mbele, hapo nunua waya wa omu 75 ulio sawasawa, kama ule uitwao RG-59 au RG-6, na usibane pesa. Sebuleni? Acha mchezo.

Tuje kwenye HDMI, maana huko ndiko waongo walikohamia. HDMI ilitoka mwaka 2002, na deki nyingi za baadaye zinayo. Kama deki yako na runinga yako zote zina HDMI, tumia hiyo na usahau yote niliyosema hapo juu. Lakini waya gani? Utaoneshwa uliondikwa 8K, gigabiti 48 kwa sekunde, uliosukwa kwa uzi kama kamba ya kiatu cha mpira. Haya, hesabu ya mtunzi wa programu: picha ya DVD ikitoka kwenye HDMI katika kiwango chake cha kawaida inatumia mdundo wa megahezi 27, njia tatu, biti kumi kwa kila mdundo. Jumla ni megabiti 810 kwa sekunde. Ndani ya diski yenyewe picha haizidi megabiti 9.8 kwa sekunde! Waya wa HDMI wa daraja la chini kabisa umepimwa kwa megahezi 74.25, karibu mara tatu ya unachohitaji. Hata kama deki inaikuza picha hadi 1080, waya wa daraja linalofuata unamaliza kazi na kubakisha. Ule wa gigabiti 48 ni kukodi lori la Salgaa zima kupeleka chupa moja ya chai shambani.

Na dijitali haina "rangi nzuri zaidi". Hili ndilo linaloniuma zaidi kama mtu anayekula kwa kuandika programu. Biti ni sifuri au ni moja. Ukimtumia mama yako shilingi 500 kwa M-Pesa kutoka kwenye simu ya laki moja, hapokei 600. Anapokea 500, au hapokei kabisa na unapiga simu kulalamika. HDMI ni vivyo hivyo: waya ukiwa mbovu utaona vimulimuli vyeupe vinarukaruka, au picha inakatika, au giza. Hutaona nyekundu iliyopauka. Hutaona weusi "usio na kina". Mtu akikwambia waya wake wa HDMI unaongeza kina cha rangi, mwulize ni biti ipi ameigeuza na kwa idhini ya nani.

Msidhani ujinga huu ni wa Nakuru peke yake. Mwaka 2008 kampuni ya Denon iliuza waya wa mtandao, ndiyo, waya wa mtandao wa kawaida wa mita moja na nusu, kwa dola 499, ukiwa na mishale ya kuonyesha upande ambao mawimbi yaelekee. Waya wa mtandao! Ambamo data hupita kwenda na kurudi! Nilicheka hadi nikakohoa. Mwaka uliotangulia, 2007, James Randi, yule mwanamazingaombwe aliyetumia uzee wake kuwaumbua matapeli, aliahidi dola milioni moja kwa mtu atakayeweza kutofautisha kwa masikio, bila kujua ipi ni ipi, nyaya za spika za Pear Anjou zilizouzwa dola 7,250 na nyaya za kawaida. Pesa hizo hazikuchukuliwa na mtu.

Nami si mtakatifu. Nilipokuwa mwanafunzi nilinunua waya wa dhahabu Luthuli Avenue kwa shilingi 1,800, pesa ya chakula, na kwa wiki nzima niliwaambia wenzangu bwenini kwamba weusi wa usiku kwenye filamu umekuwa mweusi zaidi. Wakakubali. Tulikuwa wanaume sita tunaotazama giza na kulisifu.

Pasaka hii nikaamua kujilipia deni lile. Dada yangu alijificha nyuma ya runinga na waya mbili za HDMI, mmoja wangu wa shilingi 350 na mwingine wa shilingi 4,000 niliouazima kwa rafiki, tukatumia deki niliyokuja nayo kutoka kwangu. Mara kumi alibadilisha au akajifanya kubadilisha, akirusha sarafu. Mimi nikakisia. Nilipata nne. Sarafu yenyewe ingenishinda.

Sasa niwe mkweli, kwa sababu hasira si ruhusa ya kusema uongo. Nyaya mbovu zipo, na nyingine ni mbovu kupindukia. Ule wa shilingi 50 unaotembezwa kwenye sinia mara nyingi una wavu wa nyuzi chache mno, na ukipita karibu na waya wa stima unaokota mngurumo. Kichwa chake hulegea baada ya mwezi. Nyingine zimeandikwa shaba kumbe ndani ni alumini iliyopakwa shaba, na alumini inapitisha umeme vibaya kuliko shaba na hukatika ikikunjwa mara kwa mara. Kwangua uzi kwa wembe: ukiwa mweupe ndani na mwekundu nje, umeibiwa, ukiwa mweupe nje na mwekundu ndani, ni shaba iliyopakwa bati, huo ni mzuri. Sumaku ya spika kuukuu ikiung'ang'ania uzi wenyewe wa waya wa AV, ndani mna chuma. (Usiijaribu sumaku kwa RG-6, kwani nyingi zina kiini cha chuma kilichopakwa shaba kwa makusudi, na kwa antena haidhuru.)

Na dhahabu? Dhahabu ina sifa moja ya kweli: haishiki kutu. Mombasa au Lamu, palipo na hewa ya chumvi, plagi ya dhahabu itakaa safi miaka mingi wakati ya bati imeota ukungu. Lakini dhahabu haipitishi umeme vizuri kuliko shaba. Shaba inaishinda, na fedha inaishinda shaba. Kwa hiyo anayekwambia dhahabu "inavuta picha" hajafungua kitabu cha fizikia cha kidato cha nne. Kwa Rongai adui ni vumbi, na dawa ya vumbi ni kuchomoa plagi, kuifuta kwa kitambaa kikavu na kuirudisha huku ukiizungusha kidogo. Nusu ya deki "zilizokufa" nilizoletewa zilifufuka kwa dawa hiyo.

Kama runinga yako mpya haina kabisa matundu ya rangi, tazama pembeni: mara nyingi kuna kitundu kimoja kidogo kama cha spika za masikioni, kimeandikwa AV. Hicho kinataka kiunganishi kifupi, na afadhali kile kilichokuja na runinga kwenye boksi, usikitupe! Mpangilio wa ndani hutofautiana. Kile cha kamera kinaweza kutoa picha mahali pa sauti. Picha ikikataa na spika ikanguruma, jaribu kuchomeka manjano kwenye nyekundu. Mara nyingine inakubali. Na kama hata kitundu hicho hakipo, ndipo unahitaji kile kisanduku cha kugeuza AV kuwa HDMI. Kisanduku, si waya. Kina mkia wa kuchukua umeme kwenye USB. Soma vizuri kilichoandikwa juu yake, kwa sababu kuna cha kutoka AV kwenda HDMI na kuna cha kutoka HDMI kwenda AV, vinafanana kama pacha, na kimoja hakifanyi kazi ya mwenzake. Ujanja huohuo unafaa kwa ving'amuzi tulivyolazimika kununua mitambo ya analogi ilipozimwa mwaka 2015. Vingi vina matundu yaleyale ya manjano.

Narudi kwa yule kijana wa dukani. Nilikwenda naye ana kwa ana, nikiwa na waya na risiti. Nilitarajia jambazi, nikakuta kijana mpole wa miaka ishirini na kitu ambaye kweli hakujua. Nilipomweleza habari ya chipu alinyamaza, akasema, "Bro, mimi nilionyeshwa tu ni zipi zenye faida." Mwenye duka alitoka nyuma, akanionyesha kibao ukutani kwamba kilichouzwa hakirudishwi. Nikamwambia Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na haki ya kupewa habari zinazohitajika, na kwamba tuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inayokataza kusema uongo juu ya bidhaa, na kibao cha ukutani hakiifuti sheria. Akacheka. Akasema pakiti ilishafunguliwa. Nilimwuliza angejuaje haifanyi kazi bila kuifungua. Akaenda kupokea simu ambayo sikuisikia ikilia.

Malalamiko nimeyaandika kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo inashughulikia mambo ya watumiaji. Tutaona.

Lakini hasira yangu kubwa si kwa mwenye duka, ni kwetu sisi. Sisi tunaojiita watu wa teknolojia, tunaoandika kurasa ndefu kuhusu lugha za programu na akili mnemba, tumewazoeza wazazi wetu kuona aibu kuuliza. Shangazi ana namba yangu. Kwa nini hakunipigia? Nilimwuliza. Akasema mara ya mwisho aliponiuliza kuhusu simu yake nilipumua kwa nguvu. Nilipumua! Akaona afadhali alipe 3,500 kwa mtu anayemwita mama na kumkalisha kwenye kiti. Mapengo tunayoacha sisi kwa kiburi ndimo wauza dhahabu wanamoweka meza zao. Na mnaosema "DVD imepitwa na wakati, atumie YouTube", niambieni sauti ya mjomba iko YouTube kwenye chaneli ipi.

Diski ya harusi ilisoma, ikikwama kidogo sehemu ya kukata keki. Si ajabu: diski zilizochomwa na wapiga picha huhifadhi kila kitu kwenye utando wa rangi unaochakaa kwa joto na mwanga, na hii ina zaidi ya miaka kumi na tano. Usingoje. Diski kama hizo kwa kawaida hazina kufuli, kwa hiyo ukipata tarakilishi yenye mlango wa DVD, nakili folda nzima ya VIDEO_TS vile ilivyo, iweke mahali pawili tofauti, kisha ndipo ucheze na kuibadilisha kuwa faili moja. Mimi niliiweka kwenye flashi mbili na diski kuu ya nyumbani. Flashi moja sasa imechomekwa kwenye runinga ya shangazi, ambayo, tucheke au tulie, ilikuwa na tundu la USB muda wote.

Tulitazama nasaha za mjomba mara tatu. Mara ya tatu shangazi alikuwa akimjibu.

Ule waya wa dhahabu, au kilichobaki baada ya mimi kuupasua, shangazi ameufungia mlango wa banda la kuku. Anasema unashika vizuri.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, hifadhidata.